Miaka Sitini ya Penisilini na Kifua Kikuu

Mwaka 1949 jarida la Uingereza la patholojia na bakteriolojia lilichapisha makala ya C. N. Iland na S. Baines. Swali lao lilikuwa moja ambalo madaktari wengi walikwisha kulikatia tamaa: kwa nini penisilini, iliyookoa majeruhi wengi katika vita vilivyomalizika miaka minne tu nyuma, haimfanyi lolote bakteria wa kifua kikuu? Jibu halikuwa na mafumbo. Bakteria huyo ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kuivunja penisilini.

Mtu akiisoma habari hiyo leo hudhani kwamba mwaka uliofuata watafiti walianza kukimbizana kutafuta kitu cha kukizuia kimeng'enya hicho. Wapi! Jibu zito lilikuja kuchapishwa Februari 2009, miaka 60 baadaye, tena kwa kutumia dawa mbili ambazo zote zilikuwa tayari kwenye makabati ya hospitali. Ni rahisi kuwalaumu waliotangulia kwa uzembe. Mimi siwalaumu. Ukifuata mambo yalivyokwenda utaona kwamba maarifa yalikuwapo karibu muda wote huo. Kilichokosekana ni shida ya kumfanya mtu ayatumie.

Tuanzie mwanzo. Alexander Fleming aliiona penisilini mwaka 1928 katika Hospitali ya St Mary's, London. Makala yake ya 1929 ilikwisha kuonyesha kwamba dutu hii inachagua: bakteria wengine inawaua, wengine haiwagusi kabisa. Alipendekeza hata itumike maabara kuwaondoa wanaokufa, ili wasiokufa waoteshwe peke yao bila kusumbuliwa. Walioigeuza kuwa dawa ni Howard Florey, Ernst Chain na wenzao wa Oxford. Tarehe 25 Mei 1940 waliwachoma panya wanane bakteria aina ya streptokoki kwa kiasi cha kuua, kisha wanne kati yao wakapewa penisilini. Kulipopambazuka, wanne wasiopewa walikuwa wamekufa na waliopewa walikuwa hai.

Habari hiyo inajulikana. Isiyojulikana sana ni ya Desemba ya mwaka huohuo, pale Chain na Edward Abraham walipoandika katika jarida la Nature kwamba wamepata, ndani ya bakteria wa utumboni, kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Wakakiita penisilinesi. Tazama tarehe vizuri. Mgonjwa wa kwanza ambaye timu ya Oxford ilijaribu kumtibu maambukizi, askari polisi mmoja, alianza kuchomwa sindano Februari 1941. Maana yake ni kwamba usugu dhidi ya penisilini uliandikwa na watu walewale waliokuwa wakiitengeneza, wiki chache kabla hawajamtibu mgonjwa.

Ndani ya penisilini kuna duara dogo la atomu nne, ambalo wanakemia huliita duara la beta-laktamu. Atomu nne ni chache mno kwa duara. Zimekunjwa kwa nguvu, kama mtego uliotegwa. Bakteria anapojenga ukuta wa seli yake hutumia vimeng'enya vya kuzifunga nyuzi za ukuta zishikane. Kimoja kikiligusa duara lile, mtego unafyatuka na kukinasa. Nyuzi hazifungwi tena, ukuta unalegea, bakteria anapasuka. Penisilinesi na ndugu zake, ambazo kwa jina la jumla huitwa beta-laktamesi, nazo hugusa duara hilo hilo, lakini zina ujuzi wa kulifungua kwa maji na kujichomoa salama. Kimeng'enya kimoja hufyatua mtego, hutoka, hufyatua mwingine, na kuendelea hivyo hadi dawa yote imeharibika.

Watafiti wa kifua kikuu walikuwa na mzigo wa ziada. Bakteria wa utumboni, akiwa na chakula cha kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Yule wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, huchukua kati ya saa 18 na 24 kugawanyika mara moja. Kwenye chakula cha Löwenstein na Jensen, kinachotengenezwa kwa mayai na kutiwa rangi ya kijani, makundi yake huanza kuonekana kwa macho baada ya wiki tatu, pengine nane. Kwa hiyo anayepima dawa huiweka leo na kusoma jibu mwezi ujao. Hapo ndipo jamii ya penisilini ilipoonewa, na wengi hawakuliona hilo. Dawa za beta-laktamu huchakaa zenyewe kwenye joto la nyuzi 37, hasa zikiwa ndani ya maji. Nyingine zikifika siku chache tu zimepungua sana. Ukipima kwa utaratibu wa kawaida, dawa inaweza kwisha nguvu kabla bakteria hajaonekana. Kisha bakteria akiota, mpimaji huandika neno moja tu kwenye fomu: sugu.

Halafu ikaja streptomaisini, na hoja nzima ya penisilini ikawekwa kando. Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman katika Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, aliipata Oktoba 1943 kutoka kwa viumbe wa udongoni. William Feldman na Corwin Hinshaw wa Mayo Clinic waliijaribu kwa simbilisi walioambukizwa kifua kikuu, wakaona wanyama wanapona. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio lake maarufu mwaka 1948. Wagonjwa walipata nafuu kweli, lakini baada ya miezi kadhaa hali za wengi zilibadilika, kwa kuwa bakteria wao walikuwa wamejenga usugu. Fundisho likaeleweka mapema: kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja. Mwaka 1952 ikaingia isoniazidi. Miaka ya 1960 ikaja rifampisini, iliyotokana na udongo wa Ufaransa uliochunguzwa katika maabara ya kampuni ya Lepetit, Milan.

Hapo Afrika Mashariki ina sehemu yake, tena kubwa. Kuanzia 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na baraza lile la Uingereza kupima kama matibabu ya miezi 18 yanaweza kukatwa hadi sita. Waliopewa streptomaisini, isoniazidi na rifampisini kwa miezi sita walirudiwa na ugonjwa kwa kiasi cha watu 3 hivi katika kila 100, sawa na wale wa miezi 18. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi tu kwa miezi hiyo sita walirudiwa 29 katika kila 100. Tiba fupi ambayo dunia nzima imeitumia kwa miongo iliyofuata ilithibitishwa kwa miili ya wagonjwa wa hapa kwetu, na sioni kama tumewahi kulitaja hilo kwa kiasi kinachostahili.

Mwenye tiba ya namna hiyo mkononi, penisilini ya nini?

Hukumu ya zamani ikageuka kuwa kanuni ya zahanati. Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyekohoa lakini makohozi yake yasionyeshe bakteria kwenye hadubini alipewa kwanza antibiotiki ya kawaida, mara nyingi amoksilini, akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa. Akirudi amepona, ilihesabiwa kuwa ni nimonia au ndugu yake. Akirudi vilevile, kifua kikuu kilishukiwa zaidi. Kanuni ilisimama juu ya imani kwamba amoksilini, mtoto wa penisilini, haimgusi bakteria wa TB hata kidogo, na kwa hiyo haiwezi kuuficha ugonjwa. Kwa hoja hiyo hiyo wahudumu walionywa wasitumie dawa za jamii ya fluorokwinoloni katika hatua hiyo, maana hizo humgusa. Hivyo kutofaa kwa penisilini kukawa kifaa cha uchunguzi.

Mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine kabisa. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa kampuni ya Beecham, Uingereza, walikuwa wakitafuta kitu cha kuzizima beta-laktamesi za bakteria wa kawaida, wale wa vidonda, mkojo na masikio. Walikipata kwa kiumbe wa udongoni aitwaye Streptomyces clavuligerus. Kitu hicho ni asidi ya klavulaniki. Peke yake haiui bakteria kiasi cha kutajika. Inachofanya ni kutangulia mbele: kimeng'enya huikamata kikidhani ni penisilini, kisha hakiwezi kujichomoa. Penisilini halisi hupita nyuma yake bila kuguswa. Mwaka 1981 Beecham ilianza kuuza amoksilini iliyochanganywa na klavulaniki kwa jina la Augmentin, na leo mchanganyiko huo unapatikana karibu kila duka la dawa kutoka Mombasa hadi Kigoma.

Miaka miwili baada ya hapo, mwaka 1983, Michael Cynamon na G. S. Palmer wa Marekani walichapisha jaribio dogo la maabara. Walichukua bakteria wa kifua kikuu wakawapima kwa amoksilini peke yake, kisha kwa amoksilini pamoja na klavulaniki. Amoksilini peke yake ilitoa jibu lililojulikana tangu zamani. Pamoja na klavulaniki, bakteria walizuiwa kwa kiasi kidogo cha dawa, kiasi ambacho damu ya mgonjwa inaweza kukifikia. Kile ambacho Iland na Baines walikiona mwaka 1949 kilikuwa kimethibitishwa kwa upande wa pili: ondoa kimeng'enya, penisilini inafanya kazi. Mwaka 1991 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa wachache wa TB sugu waliopewa mchanganyiko huo wakapata nafuu. Lakini wagonjwa wachache waliokuwa wakimeza dawa nyingine pia hawathibitishi kitu.

Kulikuwa na njia bora ya kujua, na njia hiyo ilizaliwa Nairobi. Mwaka 1980 Amina Jindani, Denis Mitchison na wenzao walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa huko kwa wagonjwa 124. Mgonjwa mpya alipewa dawa moja tu, au mchanganyiko mmoja, kwa siku chache za mwanzo. Makohozi yake ya usiku yalikusanywa, yakaoteshwa, na bakteria hai wakahesabiwa siku hadi siku. Idadi ikishuka haraka, dawa inaua. Isiposhuka, haina kazi. Kipimo hicho cha nguvu za mwanzo za kuua kimekuwa ndicho mlango ambao kila dawa mpya ya kifua kikuu hupitia.

Amoksilini na klavulaniki zilipopitishwa mlangoni humo, majibu yaligongana. Utafiti wa Henry Chambers na wenzake, 1998, uliona bakteria wanapungua. Ule wa Peter Donald na wenzake wa Afrika Kusini, 2001, haukuona la maana. Kwa kawaida habari ingeishia hapo, na dawa ikarudishwa kabatini kwa miaka 20 mingine.

Mambo mawili yaliizuia isirudi. La kwanza ni kwamba mwaka 1998 timu ya Stewart Cole ilichapisha mpangilio wote wa jeni za bakteria wa kifua kikuu, herufi milioni 4.4, jeni karibu 4,000. Aina iliyosomwa ni H37Rv, ambayo chimbuko lake ni bakteria waliotolewa kwa mgonjwa mwaka 1905 huko Saranac Lake, New York, na ambao vizazi vyao vinaendelea kuoteshwa maabara hadi leo. Sasa kimeng'enya cha Iland na Baines kilikuwa na anwani: jeni iitwayo blaC. Mwaka 2005 Martin Pavelka na wenzake waliing'oa jeni hiyo, na bakteria aliyebaki bila hiyo akawa dhaifu mbele ya dawa za beta-laktamu. Mwaka 2006 umbo la kimeng'enya lilichorwa atomu kwa atomu.

La pili lilikuwa msiba. Mwaka huohuo 2006, jarida la Lancet lilieleza yaliyotokea Tugela Ferry, mji mdogo wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu sugu kwa isoniazidi, rifampisini, fluorokwinoloni na sindano za akiba. Kati yao 52 walikufa, nusu yao ndani ya siku 16 tangu makohozi yao yachukuliwe. Wote waliopimwa virusi vya UKIMWI walikuwa navyo. Ile shida iliyokosekana tangu 1949 ilikuwa imefika. Sasa dawa yoyote yenye dalili ya uhai ilistahili kuulizwa tena.

John Blanchard, mwanakemia wa vimeng'enya katika Albert Einstein College of Medicine, New York, na Jean-Emmanuel Hugonnet waliuliza kwa namna ya wanakemia. Hawakuanza na bakteria. Walikitoa kimeng'enya cha BlaC peke yake, wakakiweka mbele ya vizuizi vitatu vilivyokuwa tayari hospitalini: sulbaktamu, tazobaktamu na klavulaniki. Matokeo yao ya 2007 yalionyesha kwamba vile viwili vya kwanza havikukizima kwa kudumu. Klavulaniki pekee ilikiua moja kwa moja. Sehemu ya kwanza ya jibu ikawa imepatikana: kizuizi sahihi kilikuwa kwenye kidonge cha Augmentin tangu 1981.

Sehemu ya pili ilikuwa kuchagua beta-laktamu ya kwenda nayo. Walizipitia moja baada ya nyingine, wakipima kasi ambayo BlaC huzivunja. Meropenemu iliwashangaza. Hii ni dawa ya jamii ya karbapenemu, iliyobuniwa Japani na kampuni ya Sumitomo, na hospitali huihifadhi kwa maambukizi mazito. BlaC huivunja taratibu mno, na kwa muda huo inabaki imekwama nayo. Wakaungana na Clifton Barry na Helena Boshoff wa taasisi za taifa za afya za Marekani, wakaipeleka kwa bakteria wenyewe.

Makala ilitoka katika jarida la Science tarehe 27 Februari 2009. Pamoja na klavulaniki, meropenemu iliwazuia bakteria kwa kiwango kisichofika mikrogramu 1 kwa mililita. Ilisafisha chupa za bakteria wanaokua ndani ya siku 14. Iliwapunguza hata wale walionyimwa hewa ya oksijeni hadi wakasimama kukua, jambo ambalo vitabu vinasema dawa za jamii hii haziwezi kulifanya. Kisha waliwajaribu bakteria wa aina 13 zilizokuwa na usugu uliokithiri, na zote zilishindwa na mchanganyiko huo kama H37Rv wa mwaka 1905. Usugu wao wote ulikuwa dhidi ya dawa zilizowahi kutumika kwa TB. Meropenemu haikuwahi kutumika, kwa hiyo hawakuwa wamejifunza kuikwepa.

Kwa nini bakteria aliyelala afe kwa dawa ya ukuta? Sehemu ya maelezo ilitoka Paris. Jean-Luc Mainardi na wenzake walikuwa wamegundua kwamba bakteria fulani hufunga nyuzi za ukuta wao kwa fundo tofauti na lile la kawaida, wakitumia vimeng'enya ambavyo penisilini haivinasi vizuri. Mwaka 2008 walionyesha kwamba kwa bakteria wa kifua kikuu aliyeacha kukua, mafundo 80 katika kila 100 ni ya aina hiyo. Karbapenemu huvinasa vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo penisilini ilikuwa na matatizo mawili, na klavulaniki ilitatua moja tu. Meropenemu ilikuja na utatuzi wa yote mawili, na pengine ndiyo sababu majaribio ya amoksilini ya 1998 na 2001 hayakukubaliana.

Kutoka chupa ya maabara hadi kitanda cha mgonjwa kulikuwa na vikwazo vya kuchekesha na vya kuudhi. Cha kuchekesha ni panya. Figo za panya zina kimeng'enya kingine kinachoiharibu meropenemu upesi mno kuliko za binadamu, kwa hiyo mnyama ambaye dawa zote za TB hupitia kwake alitoa majibu hafifu. Ilibidi watumike panya walioondolewa jeni ya kimeng'enya hicho. Cha kuudhi ni kwamba klavulaniki haiuzwi peke yake popote. Anayeihitaji lazima ampe mgonjwa vidonge vya amoksilini na klavulaniki, ambavyo amoksilini yake hakuiomba.

Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2013 taarifa ya wagonjwa 37 wa TB sugu walioongezewa meropenemu na klavulaniki. Makohozi yao yalisafika kwa wingi kuliko ya wale wasioongezewa. Halikuwa jaribio la kuwagawa wagonjwa kwa kura, kwa hiyo lilibaki kuwa dalili. Kipimo kilichozaliwa Nairobi ndicho kilichokata shauri. Andreas Diacon na wenzake wa Cape Town walitoa matokeo yao Julai 2016. Meropenemu gramu 2, mara tatu kwa siku, pamoja na vidonge vya amoksilini na klavulaniki, kwa siku 14, iliwaua bakteria katika makohozi. Faropenemu, ndugu yake wa kumeza, haikufanya kitu. Kwa mara ya kwanza ilikuwa imeonyeshwa bila shaka kwamba dawa ya jamii ya beta-laktamu inamuua bakteria wa kifua kikuu ndani ya kifua cha mtu.

Ushindi huo una bei yake. Meropenemu huingizwa kwa mpira wa mshipani, na mpira huo mara tatu kwa siku, kwa miezi, ni kifungo. Hospitali ya wilaya yenye wauguzi wawili wa zamu haiwezi, na mgonjwa mwenye shamba au kibanda cha biashara hawezi. Tena meropenemu ni dawa ya akiba kwa watoto wachanga na wagonjwa wa upasuaji wenye maambukizi ya damu. Kuimwaga kwa miezi ndani ya mwili wa mgonjwa mmoja ni kuwafundisha bakteria wengine kuikwepa. Shirika la Afya Duniani liliziweka imipenemu na meropenemu, kila moja ikiambatana na amoksilini na klavulaniki, katika kundi C la dawa za TB sugu mwaka 2018. Kundi C ni la mwisho. Nadhani walikosea kidogo sana kama walikosea.

Pengine faida kubwa zaidi itaonekana kwa ndugu wa bakteria huyu. Ukoo wake ni mpana, na kila mmoja ana tabia zake. Mycobacterium abscessus, anayesumbua mapafu yaliyokwisha kuharibika, ana beta-laktamesi ambayo klavulaniki haiiwezi, lakini kizuizi kipya kiitwacho avibaktamu kinaiweza. Hapo majibu ya TB hayahamishiki. Ni kupima upya tangu mwanzo.

Mwingine ni Mycobacterium ulcerans, na jina la ugonjwa wake, kidonda cha Buruli, ni la nyumbani. Buruli ni eneo la Uganda karibu na Ziwa Kyoga, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960. Kabla ya hapo, mwaka 1897, Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, Kampala, alikwisha kueleza vidonda vikubwa vya aina hiyo. Bakteria huyu hutoa sumu inayokula ngozi na nyama bila maumivu makali, na watoto wengi wamebaki na viungo vilivyojikunja. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kisu. Mwaka 2004 ikaja rifampisini na sindano za streptomaisini kwa wiki nane; baadaye sindano zikabadilishwa na vidonge vya klarithromaisini. Mwaka 2019 kundi la Santiago Ramón-García wa Zaragoza, Hispania, lilionyesha maabara kwamba dawa za beta-laktamu zikiungana na rifampisini na klarithromaisini huongezeana nguvu dhidi ya bakteria huyo. Amoksilini na klavulaniki ni vidonge vya kawaida, watoto wamevimeza kwa miaka 40, na havihitaji mpira wa mshipani. Huko Benin ukaanzishwa utafiti wa kuona kama kuviongeza kunaweza kukata wiki nane ziwe nne.

Kwa TB sugu yenyewe, upepo umegeukia upande mwingine. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa wagonjwa wengi wanaostahili, vidonge vya bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini kwa miezi sita, bila sindano. Linezolidi nayo ni antibiotiki iliyotengenezwa kwa maradhi mengine, ikapimwa upya. Meropenemu imebaki kwa wale ambao hizo zimewashinda.

Msomaji aliyefika hapa asije akaenda duka la dawa kununua Augmentin kwa ajili ya kikohozi cha muda mrefu. Vidonge hivyo peke yake havijawahi kuonyeshwa kuponya kifua kikuu cha mtu yeyote, na mgonjwa anayejipa matumaini navyo anaendelea kuambukiza nyumba nzima. Kikohozi kikipita wiki mbili, peleka makohozi yapimwe. Kwenye vituo vya serikali Tanzania na Kenya kipimo na dawa za TB ni bure, na mashine ya GeneXpert, pale ilipo, hutoa jibu kwa takriban saa mbili, pamoja na kusema kama bakteria ni sugu kwa rifampisini.